Ng'arisha gari mwenyewe, lakini jua mahali pa kumwachia fundi

Ukifungua TikTok jioni hii hutakosa video ya jamaa anayepaka dawa ya meno kwenye mlango wa gari, anasugua mara tatu, anapangusa, na mkwaruzo umepotea. Sekunde thelathini, kazi kwisha. Ujumbe ni mmoja: fundi wa rangi anakuibia, jifanyie.

Hatukubaliani na video hizo. Lakini pia hatukubaliani na fundi anayesema kila alama ni kazi ya gereji. Msimamo wetu ni huu: kazi ambayo ukiikosea unaweza kuirudia, ifanye mwenyewe. Kazi ambayo ukiikosea kilichotoka hakirudi, mlipe anayeijua. Shida ni kwamba kazi hizi mbili zinaweza kuwa kwenye mlango mmoja, sentimita chache tu kutoka moja hadi nyingine, na wengi wetu hatujui kuzitofautisha.

Chukua Nunguni, kaunti ya Makueni. Mji huu uko juu kwenye milima ya Kilungu, na gari linalotoka Salama, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, hupanda kona baada ya kona kabla ya kufika. Ukiacha barabara kubwa kuelekea nyumbani kwa watu, njia zinakuwa nyembamba na vichaka vinasugua milango. Siku ya soko kuna mikokoteni, kreti za avokado na pikipiki zinazopenya mahali ambapo hata mtu kwa miguu angefikiria mara mbili. Kiangazi ni vumbi, mvua ikija ni matope. Gari haliwezi kuishi huko bila alama.

Na kijana anayenunua Probox yake ya kwanza pande hizo hainunui ya kupigia picha. Ni ya kazi. Kuna mkopo wa sacco au pesa za chama nyuma yake, na bima mara nyingi ni ile ya mtu wa tatu, ambayo haikulipi hata shilingi kwa mkwaruzo wa gari lako mwenyewe. Siku ya kuuza, mnunuzi atalizunguka gari akitazama rangi kabla hata hajafungua boneti. Akiona mlango mmoja una rangi tofauti kidogo na mingine, ataanza kuuliza kuhusu ajali, na bei itashuka hapo hapo. Kwa hivyo tukizungumzia mikwaruzo, hatuzungumzii urembo. Tunazungumzia pesa ya kijana.

Sasa tuelewe kitu kimoja ambacho video haikuambii. Magari mengi tunayoendesha Kenya yameshatumika Japani kabla ya kuletwa hapa, na sheria inaruhusu yasiyozidi miaka 8. Rangi yake imepakwa kwa tabaka. Chini kabisa ni bati la bodi, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi. Hiyo vanishi ndiyo inayong'aa na ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua na mvua. Unene wake kwa kawaida ni kati ya maikroni 40 na 50. Maikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita, na unywele wa kichwa chako una takriban maikroni 70. Yaani kinga yote ya gari lako ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Ukishajua hivyo, neno "kung'arisha" linabadilika maana. Kampaundi na polishi hazijazi mkwaruzo. Zina chembechembe zinazokwangua vanishi iliyo kando ya mkwaruzo mpaka usawa wake ulingane na chini ya mkwaruzo. Kila ukipiga polishi, unapunguza kitu ambacho kiwanda kilikupa mara moja tu. Mchonga vinyago wa Wamunyu, hapo jirani Machakos, akipitisha msasa kwenye mti bado ana nyama ya mti chini yake. Wewe kwenye boneti huna. Ukimaliza vanishi unaingia kwenye rangi, na hakuna polishi duniani inayorudisha vanishi iliyotoka.

Dawa ya meno basi? Nayo ina chembe laini za kusugua, ndiyo maana inaweza kufifisha alama hafifu sana. Si muujiza, ni kampaundi dhaifu iliyotengenezwa kwa ajili ya meno. Na nta ya gari, ambayo wengi huichanganya na polishi, kazi yake ni kufunika na kukinga. Inaficha alama kwa muda, kisha baada ya kuosha gari mara kadhaa alama inarudi, na unadhani fundi alikudanganya.

Kabla ya kununua chochote, pima. Osha mahali penyewe na upakaushe. Pitisha ukucha taratibu kuvuka mkwaruzo. Ukucha ukipita bila kukwama, alama iko juu juu. Kisha mwagia maji kidogo: mkwaruzo ukipotea kabisa ukiwa na maji, kuna uwezekano mkubwa bado uko ndani ya vanishi, na hiyo ni kazi unayoweza kuijaribu. Ukucha ukikwama, au ukiona rangi nyeupe au kijivu tofauti na ya gari, au bati lenyewe, weka polishi chini. Hapo hakuna cha kung'arisha, kuna cha kupaka.

Kazi yako wewe inaanzia kwenye ndoo. Mikwaruzo mingi ya mviringo, ile inayoonekana kama utando wa buibui jua likipiga boneti, haikuletwa na vichaka. Ililetwa na kitambaa chenye mchanga. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Mwagia maji kwanza ili vumbi lianguke kabla hujagusa gari. Achana na sabuni ya unga ya kufulia, na usiwahi kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Hii pekee itakuokoa na nusu ya kazi ambayo ungemlipa mtu.

Ukishaosha, tafuta kivuli na usubiri bodi ipoe. Nunguni asubuhi kuna ukungu, kwa hivyo hakikisha pia pamekauka. Weka polishi laini kidogo kwenye kitambaa cha maikrofaiba na ujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana sana. Sugua kwa mkono, bila kukandamiza, sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Pangusa, tazama. Anza kila wakati na polishi laini kuliko zote. Kali unaweza kuiongeza, lakini ulichokwangua huwezi kukirudisha. Malizia na nta. Kwa mkono na polishi laini ni vigumu sana kuharibu gari, na ukikosa matokeo unarudia Jumamosi ijayo. Hata alama ndogo ya jiwe iliyofika kwenye bati unaweza kuitia tone la rangi ili kutu isianze, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Nambari ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha gari, kwa Toyota ni pale penye herufi C/TR. Toyota nyeupe nyingi, kwa mfano, ni 040.

Mpaka uko wapi? Uko kwenye mashine na kwenye msasa. Mashine ya kung'arisha ya kuzunguka moja kwa moja huleta joto, na kwenye kingo za milango na boneti, ambako rangi huwa nyembamba zaidi, inaweza kutoboa vanishi ndani ya sekunde chache. Msasa wa maji, hata ule wa 2000, hufanya kazi haraka kuliko jicho la anayeanza. Usiazime mashine ya rafiki ukajifunzie kwenye gari ambalo bado unalilipia mkopo. Ukitaka kujifunza, omba bampa au mlango wa zamani kwenye gereji, uharibu huo kwanza.

Na kupuliza rangi nyumbani ndiko hatutaki kabisa. Rangi na vanishi nyingi za kisasa huchanganywa na kemikali ya kugandisha yenye isosayaneti, ambayo inajulikana kusababisha pumu kwa mafundi. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Ukilipuliza uani, watoto wa ploti wanavuta na wewe. Kisha ukibadilisha rangi ya gari zima, NTSA lazima ijulishwe ili kitabu cha gari kirekebishwe, la sivyo unajitafutia shida na polisi barabarani.

Wapo watakaosema: hao mafundi wenyewe wengi wanajifunzia kwenye magari yetu, kuna haja gani kuwalipa? Hoja hii ina uzito, na hatuwezi kuipuuza. Kuna mtu mwenye mashine, ndoo na bango la mbao ambaye hajawahi kuuliza vanishi ni nini. Ataliacha gari likiwaka kama kioo jioni, na baada ya mvua mbili boneti inaanza kupauka. Lakini dawa ya fundi mbaya si wewe kuwa fundi mbaya zaidi. Dawa ni kumuuliza maswali. Mwambie akuonyeshe gari alilolifanya miezi sita iliyopita, si la leo asubuhi. Mwambie ajaribu sehemu moja ndogo kabla hamjapatana bei. Muulize ataanza na polishi gani na kwa nini. Muulize kama ana kipimo cha unene wa rangi. Asiye nacho si lazima awe mbaya, lakini fundi anayejua kazi atakueleza anavyoepuka kutoboa. Anayekasirika kuulizwa, endelea na safari.

Na ukimpata anayejua, mlipe. Kubishana na mtu aliyesimama saa sita akishughulikia mlango wako, kisha kumwambia "si ni kusugua tu," ni tabia mbaya, hata kama umeona video mia. Unacholipia si kusugua, ni kujua mahali pa kuacha.

Kwa vijana walio upande wa pili, wale wenye mashine mkononi, nanyi tuna neno. Nunguni na miji mingine midogo kama hiyo ina magari zaidi kila mwaka, na kila gari linalopita kwenye vichaka ni mteja. Kazi ipo. Lakini soko la kudanganyana halidumu, kwa sababu mji ni mdogo na habari husafiri haraka kuliko Probox. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na huhitaji kuwa umepitia chuo ili kuufanya. Aliyejifunza kazi chini ya jua kali naye hupimwa. Cheti hicho kitakutofautisha na mwenye ndoo na bango. Nunua barakoa halisi ya kemikali kabla ya kununua spika ya muziki. Na mteja akija na mkwaruzo ambao angeweza kuutoa mwenyewe kwa kitambaa, mwambie ukweli. Utapoteza mia chache leo, lakini siku mlango wake utakapogongwa hataenda kwa mwingine.

Tangu Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Makueni na kaunti nyingine zina nafasi ya kuhakikisha somo la rangi ya magari linafundishwa kwa vifaa vya kweli: kipimo cha unene, chumba chenye hewa, barakoa. Mwanafunzi anayehitimu bila kuwahi kushika vifaa hivyo atakuja kuvijulia kwenye gari la mtu.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kujaribu ulichokiona kwenye simu, toka nje na ukucha wako na maji kidogo. Kama alama inapotea, chukua kitambaa, kazi ni yako. Kama haipotei, mtafute fundi, umuulize maswali, na umlipe bila kunung'unika.