Anayekoroma aulizwe kuhusu viatu vyake

Mvuvi wa ziwa Tshangalele, hapa Haut-Katanga, Kongo, akisinzia mtumbwini huitwa mvivu. Dereva wa lori la madini, mlevi. Wengi wamechoka tu. Lakini wapo wachache ambao tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi: ulimi hunenepa, nyama za koo hujaa, na usiku pumzi hukatika tena na tena, hata mchana wasinzie. Ndiyo akromegalia, jina alilolitoa daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886, na zaidi ya nusu ya wanaougua hukatikiwa pumzi usingizini.

Nitaambiwa Haut-Katanga ina malaria na kipindupindu, ugonjwa adimu wa nini? Hoja nzito, ila siombi mashine. Naomba muuguzi amuulize anayekoroma: pete bado inaingia? Namba ya viatu imepanda? Kisha alinganishe uso na picha ya kadi ya zamani ya mpiga kura, maana taya na pua hukua polepole hata mke nyumbani asitambue. Hapo kipimo cha damu, ghali kweli, kinapata sababu. Kuchelewa huleta kisukari na moyo mbovu. Na kwa baadhi, pumzi huendelea kukatika hata homoni ikishatulizwa, basi usingizi uulizwe tena baada ya matibabu.