MZIGO WA MELI USIPANDISHWE NDEGE

Ndugu wafanyakazi,

Wenzetu wa mashamba ya maua wakiomba nyongeza, matajiri huwajibu kwamba fedha zote zimekwisha kwa nauli ya ndege. Sisi wa reli tukiomba, hujibiwa kwamba mizigo hakuna. Majibu hayo mawili ni jibu moja, nami nauliza: nani aliwalazimisha kupanda ndege?

Sigombi na ndege. Chanjo, kaa walio hai, spea ya mashine iliyosimama kiwandani, hivyo viruke upesi. Lakini chai yetu huondoka Mombasa kwa meli miaka yote, na kahawa vile vile, wala sijasikia mnywaji wa London akilia kwamba imechelewa. Hata parachichi, tunda laini lile, huvuka bahari ndani ya kontena la baridi mpaka Ulaya. Basi waridi la Naivasha lina utukufu gani? Limekwisha jaribiwa: likiwekwa katika baridi ya karibu digrii 1 hulala usingizi majuma kadhaa, likafika zima. Si kila aina, nakubali. Aina zinazoweza zipo.

Tena tupige hesabu. Ndege haitozi kwa uzito peke yake. Mzigo mwepesi unaojaza nafasi hupimwa kwa ukubwa wake, na mita 1 ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167. Tuseme maua yako katika nafasi hiyo yana kilo 100: umelipia kilo 67 za hewa. Hewa! Na mama anayekata maua tangu alfajiri anaambiwa hakuna kitu.

Watasema bahari ina hatari. Ni kweli. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba mfereji wa Suez siku 6, na tangu mwisho wa 2023 mashambulio ya Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuzunguka kusini mwa Afrika, siku kumi na zaidi, na waridi halina subira hiyo. Lakini Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya, maua ya Kenya yalitupwa jaani na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Siku ile matajiri hawakusema ndege ina hatari.

Reli mpya ilifika upande wa Naivasha mwaka 2019, lakini malori ya maua yanaipa kisogo yakienda kiwanja cha ndege Nairobi. Mafundi wanasema kontena la baridi linataka umeme njia nzima. Sawa, yanunuliwe mabehewa yenye jenereta. Kontena moja likipita kwetu linapita katika mikono ya wapakiaji, dereva, watu wa stesheni na makuli wa Kilindini.

Wajumbe wetu na wakae pamoja na wajumbe wa mashamba kabla ya majadiliano. Waingie wakidai kitabu cha nauli kifunguliwe mezani kwanza, ndipo habari ya mishahara isikilizwe.

Mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli, Nairobi