Keria kubwa haiongezi breki

Pikipiki za bei nafuu kutoka China, zilizoingia nchini kwa wingi miaka ya 2000, zimemrahisishia mkulima wa Kawetele kufikisha ndizi na maziwa sokoni. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Tatizo huanzia kwa fundi. Wengi hutanguliza keria ndefu na springi ngumu ili wapakie mikungu zaidi, wakati injini ya cc 125 na breki zake ni zile zile. Rungwe ni wilaya ya milima na mvua nyingi; mteremko wenye utelezi hauna huruma.

Tunashauri fedha ya kwanza iende kwenye breki na tairi zenye meno ya kushika tope. Ifuate sproketi kubwa ya nyuma: mwendo utapungua, lakini mlima utapandwa bila kuunguza klachi. Keria ije mwisho, na mzigo usizidi kiwango cha kiwanda. Aliyenunua pikipiki iliyotumika abadilishe umiliki TRA mapema.

Mikungu miwili inayofika sokoni ni biashara. Sita iliyoangukia bondeni ni hasara, pengine na msiba.