Maziwa ya mbuzi si dawa



Juma lililopita, baada ya likelemba, mama mmoja alibaki nyuma na mtoto wake wa miezi minne. Tangu alipoanza kumwongezea maziwa ya unga ya mkebe, mtoto anatapika, mashavu yamejaa upele, na usiku halali. Mama mkwe amemwambia: «Acha ya ng'ombe, mpe ya mbuzi, ni mepesi.» Mbuzi wako hapo nyuma ya nyumba. Je, ni vizuri?

Tulimjibu hapana, na hatukumjibu kwa dharau, kwa maana wengi wetu tuliambiwa hivyo hivyo.

Kuna watoto ambao mwili wao unapigana na protini ya maziwa ya ng'ombe kama vile ni adui. Protini ya mbuzi na ya kondoo inafanana nayo sana: kati ya watoto kumi wanaokataa ya ng'ombe, karibu tisa watakataa ya mbuzi pia. Kuyachemsha hakuondoi shida, kuyachachisha vilevile. Tena maziwa ya mbuzi hayana foleti ya kutosha, na mtoto anayelelewa kwa hayo tu hupungukiwa na damu. Ya soya pia hayafai chini ya miezi sita.

Kinachofaa ni ziwa la mama. Mama huyu bado ananyonyesha kidogo. Akimweka mtoto mara nyingi, mchana na usiku, maziwa yataongezeka. Ikiwa mtoto anayenyonya tu bado anasumbuka, muuguzi anaweza kumwomba mama mwenyewe aache maziwa kwa majuma mawili hadi manne: chai ya maziwa, maziwa ya mkebe, biskuti zenye maziwa. Kisha anayarudia, ili waone kama shida inarudi. Asiache chakula kingine! Ndagala wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na sombe, vitamsaidia.

Lakini tusijifanye madaktari. Hapa Kalemie tuna kolera na malaria. Mtoto anayehara sana, mwenye homa au damu katika choo, apelekwe kituo cha afya, msiseme tu «ni maziwa». Na midomo ikivimba, au akipumua kwa shida baada ya kunywa, ni hospitali saa ile ile.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: maziwa ya F-75 na F-100 wanayopewa watoto wenye utapiamlo, na hata Plumpy'Nut ile ya karanga, yote yana maziwa ya ng'ombe ndani. Kama mtoto wako ana shida hii, mwambie muuguzi mbele ya kuanza. Usikatae peke yako, utapiamlo unaua.

Watoto wengi huachana na shida hii kabla ya kufika miaka mitano.

Jana mama mkwe alikuja kutusikiliza. Hakukubali yote. Siku ya kupima uzito tutaenda naye kituoni, amuulize muuguzi mwenyewe.