Hewa ya Brashi na Hewa ya Kifua



Ndugu wasomaji, juma hili tumepokea barua kutoka Kericho, kwa mama mmoja mwenye asili ya Pwani ambaye mumewe ameajiriwa katika mashamba ya chai. Mwana wao wa kiume, mwenye umri wa miaka 14, ametunukiwa na mjomba wake kigari cha plastiki cha kuunganisha, mfano wa Mitsubishi Lancer uliopunguzwa mara 24, pamoja na brashi ya hewa ya kupulizia rangi. Zawadi ilipungukiwa na kitu kimoja tu: chombo cha kuipatia brashi hiyo upepo. Jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, amejitolea kumwazima kijana mtungi wa oksijeni. Mama atuuliza: je, aukubali?

Jawabu letu ni la, nasi twalitanguliza kabla ya mengine yote. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini huuchochea moto kwa ukali usiozuilika. Ikikutana na mafuta, au na mvuke wa rangi na thina, cheche moja yatosha kuleta msiba nyumbani. Wala mtungi wa gesi ya kupikia haufai kamwe kwa kazi hii. Jirani amekusudia wema; ashukuriwe, na mtungi wake ubaki karakana.

Baada ya hayo, hatuoni sababu ya kumvunja kijana moyo. Gari halina roho, na kigari hiki kina nasaba na mji anaoishi. Joginder Singh, dereva aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Ushindi wake wa mwaka 1974 na ule wa 1976 aliupata kwa Lancer, na kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa kigari cha mfano wa ile ya mwaka 1974. Kijana anayeketi kulipaka rangi gari la mwana wa mji wake hujifunza subira, wepesi wa mkono na historia kwa pamoja.

Basi upepo wake utoke wapi? Yafaa kwanza tujue kwamba brashi hii haihitaji nguvu nyingi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi kwa inchi ya mraba. Brashi hutosheka na pauni 15 hadi 25. Ihitajicho ni upepo usioyumba, mkavu na safi. Upepo ukiyumba, rangi hutoka kwa mapigo. Ukiwa na maji, matone huruka juu ya rangi mbichi na kuiharibu.

Makopo ya upepo ni rahisi kuyanunua, lakini kopo hupoa kadiri linavyotumika, na nguvu yake hushuka katikati ya kazi. Huisha upesi, na mengi hujazwa gesi inayowaka. Mwenye kuyanunua mara kwa mara atajikuta amemaliza thamani ya mashine, na mkononi hana kitu. Tairi la akiba nalo hutoa upepo wa dakika chache tu, tena unaopungua kila dakika.

Kompresa ya gereji yafaa ikiwa ina kidhibiti cha shinikizo na kichujio. Tangi lake la lita 24, likijazwa kwa ukamilifu, laweza kuilisha brashi kwa dakika kumi hivi bila ya injini kuwaka. Aibu yake ni kelele. Katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa ubavu kwa ubavu, aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kulala mchana, na haki ya jirani haifutwi na mchezo wa mtoto.

Tuipendayo zaidi ni kompresa ndogo isiyotumia mafuta, yenye tangi la lita 3, geji, vali ya usalama na kinasa maji. Tangi hilo si ghala la kutumainiwa umeme ukikatika, kwani upepo wake haufiki hata dakika moja. Kazi yake ni kuyatuliza mapigo ya pampu. Aliye Kericho azingatie na jambo hili: mji uko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja kwa tano ukilinganisha na ya Mombasa. Mashine iliyoandikwa lita 20 kwa dakika itatoa huko kama lita 16. Brashi yenye tundu dogo hutumia lita 10 hadi 15, kwa hiyo asinunue iliyo chini ya 20. Na kwa kuwa mvua ya huko haikauki, maji yatajikusanya tangini. Afungue koki ya chini kila amalizapo kazi, ama chuma kitaoza kwa ndani pasipo mtu kuona.

Mama ametaja mwishoni mwa barua, kama jambo la kupita, kwamba kijana analala chumba kimoja na dada yake mdogo mwenye pumu. Kwetu sisi hilo ndilo lililo kubwa. Jioni za Kericho ni za baridi. Madirisha hufungwa, na pengine jiko la makaa huwekwa ndani. Rangi haipulizwi humo asilani. Ipulizwe barazani mchana, mbali na moto, na iwe rangi ya maji badala ya ile ya thina. Hata rangi ya maji hutoa ukungu unaoingia mapafuni, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Avae yenye vichujio, na binti asikaribie mpaka hewa itakate.

Fedha zikiwa haba, barakoa itangulie na kompresa ifuate. Kijana anaweza kuanza kwa brashi ya manyoya huku akiweka akiba, na mashine iliyokwisha kutumika si aibu, madhali fundi ameikagua vali na tangi. Joginder Singh mwenyewe, aliposhinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant, aliendesha Volvo iliyokwisha kushindana mikononi mwa wengine.