Siti laini siyo siti nzuri (Sehemu ya 4)

Ndugu yangu wa bodaboda, leo tuongee siti. Naona wengi mnampelekea fundi aongeze sponji laini, eti safari ya Dodoma hadi Singida iwe nyepesi. Mimi nesi wenu nakataa. Sponji laini inabonyea, mifupa ya makalio inazama, uzito unahamia katikati ya mapaja, penye mishipa ya fahamu na ya damu. Ndiyo maana unashuka sehemu za siri zimekufa ganzi, halafu unaona aibu kusema. Chagua sponji ngumu kiasi, siti pana nyuma, isiyokutelezesha kwenye tangi. Kila baada ya saa moja shuka, tembea kidogo. Ganzi isipoisha, njoo zahanati. Hatumcheki mtu.