Nauli nafuu ya treni isiwe mtego



Naomba nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sisi wasafiri wa reli, hasa tulio huku Upareni. Jambo lenyewe ni tiketi za bei nafuu zenye masharti ya siku na saa za kusafiri.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Inapita wilayani kwetu Mwanga, na stesheni ya Lembeni ni shahidi. Baada ya zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria, huduma ilirejea Desemba 2019 kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Tulishangilia, kwa sababu treni ni usafiri wa mtu wa kipato kidogo mwenye mzigo wake.

Sasa ndugu wasomaji, tuangalie suala la nauli. Hapa kwetu nauli ya treni hupangwa kwa urefu wa safari na daraja la behewa. Kwa mfano reli mpya ya umeme ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida iliyotangazwa ilikuwa Sh. 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na Sh. 31,000 hadi Dodoma. Nchi nyingine wameongeza kipimo cha tatu, nacho ni saa ya kusafiri. Uingereza, anayepanda treni wakati watu wanakwenda kazini hulipa nauli kubwa, na anayengoja mpaka msongamano upungue hulipa kidogo. Kwa treni za mjini London, saa za msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3 na nusu, na tena saa 10 jioni hadi saa 1 usiku.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Treni ikiondoka na mabehewa matupu, dereva, mafuta na njia hugharimu karibu sawa na ikiwa imejaa. Kwa hiyo ni heri kuuza kiti kwa bei ndogo kuliko kukisafirisha kitupu. Vilevile, abiria anayeweza kungoja akivutwa na bei nafuu, anampisha yule asiyeweza kungoja.

Msongamano wetu sisi wa Kaskazini hauko katika saa. Uko katika mwezi. Kila Desemba Wapare na Wachagga tunapanda nyumbani kwa Krismasi, na Januari tunashuka kurudi kazini. Wakati huo tiketi hutafutwa kama dawa. Baadhi ya wenye mabasi hupandisha nauli kinyume cha sheria, na LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari mengine ili kupunguza shida. Ikifika Februari, pilikapilika zote zimekwisha. Kwa hiyo treni ya Kaskazini ikiwekewa tiketi nafuu ya miezi na siku za abiria wachache, mimi naunga mkono kabisa. Mama anayepeleka ndizi mjini au mzee anayekwenda kuona wajukuu anaweza kuchagua siku.

Lakini hapa ndipo penye hoja yangu. Si kila mtu anaweza kuchagua. Mgonjwa aliyepangiwa tarehe ya kuonana na daktari KCMC au Muhimbili hawezi kumwambia daktari angoje siku ya nauli ndogo. Mwanafunzi hurudi siku shule inapofunguliwa. Mfanyakazi husafiri anapopewa likizo. Hata huko Uingereza wameliona hili. Shirika la treni la Scotland lilifanya majaribio ya kuondoa nauli kubwa ya saa za msongamano kuanzia Oktoba 2023 hadi Septemba 2024, na tarehe 1 Septemba 2025 ikaondolewa moja kwa moja. Waliokuwa wakiilipa kila siku walikuwa wafanyakazi wasio na hiari ya saa ya kuripoti kazini.

Kwa hiyo kanuni yetu iwe hii: nauli ya kawaida iliyoidhinishwa ndiyo iwe kikomo. Tiketi nafuu ishuke chini ya hapo siku za abiria wachache. Isije ikawa kisingizio cha kupandisha bei Desemba halafu nauli ile ile ya zamani ikaitwa nafuu.

Jambo la pili ni masharti yenyewe. Tiketi ya namna hii ina faida kwa anayeielewa, na ni mtego kwa asiyeielewa. Mwaka 2024 magazeti ya Uingereza yaliandika habari za kijana mmoja aliyetishiwa kushitakiwa mahakamani kwa kuwa alilipa pungufu kwa pauni 1.90 tu. Kadi yake ya punguzo ilikuwa na sharti kwamba kabla ya saa 4 asubuhi siku za kazi nauli isipungue pauni 12. Baada ya watu kupiga kelele, shirika lile liliiacha kesi. Ikiwa mambo haya huwapata wasomi wa huko, itakuwaje kwa abiria wetu anayesoma tiketi gizani huku ameshika kuku na mtoto?

Kwetu sisi kuna matatizo mawili ya ziada ambayo wageni hawanayo. Kwanza ni hesabu ya saa. Tiketi ikiandikwa 08:00, mwananchi anaweza kusoma saa 8 akafika stesheni mchana, kumbe maana yake ni saa 2 asubuhi na treni imeondoka saa sita zilizopita. Pili ni hesabu ya siku. Treni iliyoondoka Dar es Salaam Jumatatu ikipita Upareni usiku wa manane, tarehe imekwisha kugeuka. Kwa saa za ofisini hiyo ni Jumanne. Tena kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, na wakisema usiku wa Jumatatu wana maana ule wa kuamkia Jumatatu. Sasa mwenye tiketi nafuu iliyoandikwa "Jumatatu tu" aje stesheni usiku upi? Mkaguzi atasema hivi, abiria atasema vile, na wote wawili wana haki.

Kwa sababu hiyo napendekeza mambo manne kwa wahusika, iwe kwa treni ya sasa au kwa reli mpya inayokusudiwa kutoka Tanga hadi Arusha na Musoma.

Kwanza, masharti yaandikwe kwa Kiswahili juu ya tiketi yenyewe, yasiwe kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini tu. Saa iandikwe kwa maneno, kwa mfano "saa mbili asubuhi", na kwa safari za usiku iandikwe "usiku wa kuamkia Jumanne", pamoja na tarehe.

Pili, saa inayohesabiwa iwe ile ya kwenye ratiba. Treni ikichelewa ikaingia katika muda usioruhusiwa, abiria asidaiwe hata senti moja. Uchelewaji si wake.

Tatu, abiria aliyepanda kwa tiketi nafuu siku isiyoruhusiwa, na hakukusudia hila, alipe tofauti ya nauli na kupewa stakabadhi. Asishushwe porini usiku kama mwizi.

Nne, mkata tiketi awe na wajibu wa kumsomea sharti kila anayenunua tiketi hiyo kabla ya kupokea fedha. Wasiojua kusoma bado wapo, na fedha yao ni sawa na ya wengine.

Nasi abiria tuna wajibu wetu. Tusipende neno "nafuu" tukaacha kuuliza "mpaka lini na saa ngapi?" Asiyeuliza hana ajifunzalo. Mtu akiona tiketi ya nusu bei, ajue ile nusu nyingine anailipa kwa uhuru wake wa kuchagua siku. Kama anao uhuru huo, ainunue kwa furaha. Kama hana, anunue ya kawaida asafiri kwa amani.



Msafiri wa Reli,
Lembeni, Mwanga.